Posta ya Elisabethville: nani aliamua vita vya 1961?

LUBUMBASHI – Tarehe 13 mwezi wa tisa mwaka 1961, kabla ya jua kutoka, askari wa India wenye kofia za buluu walikuja kuchukua posta kubwa ya katikati ya mji. Wakati ule mji uliitwa Elisabethville. Jandarma wa Katanga walikuwa ndani ya jengo na hawakukubali kutoka. Mapigano yakawa makali, watu wakafa pale. Asubuhi ile ile askari hao walichukua pia Radio Katanga.

Kabla mapigano hayajapoa, Conor Cruise O'Brien, raia wa Ireland aliyewakilisha Umoja wa Mataifa mjini, aliwaambia waandishi wa habari kwamba kujitenga kwa Katanga kumekwisha. Hakukuwa kumekwisha. Kuliendelea miezi 16 zaidi. Na usiku wa tarehe 17 kuamkia 18, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, alikufa ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka, alipokuwa anakwenda kuongea na Moïse Tshombe ili bunduki zinyamaze.

Mjini Lubumbashi, ukimuuliza mzee nani aliwatuma wale askari wa posta, jibu ni moja: ONU. Na nyuma ya ONU? Wamarekani. Na nyuma ya Tshombe? Wabelgiji. Majibu hayo si ya uongo, lakini ni mafupi mno. Yanafanya kana kwamba Ubelgiji ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja, na Marekani vilevile. Historia ya mji huu kati ya 1960 na 1963 inaonyesha jambo lingine. Kila uamuzi ulioangukia Elisabethville ulitoka katika ofisi kadhaa zilizokuwa zinavutana, na mara nyingi kilichotoka si kile ambacho ofisi hata moja ilikitaka.

Kujua hivyo kuna faida. Mtu akisema tu "wazungu waliamua", hakuna wa kuulizwa. Akitaja ofisi na jina, swali linapata mlango wa kubisha.

Brussels: mlango wa mbele na mlango wa nyuma

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Siku tano baadaye askari wa Force Publique waliasi dhidi ya maofisa wao Wabelgiji. Uasi ulifika Elisabethville usiku wa tarehe 9 mwezi wa saba, na Wazungu kadhaa wakauawa. Kesho yake askari wa Ubelgiji waliingia mjini bila kuombwa na serikali ya Léopoldville. Tarehe 11, jioni, Tshombe alitangaza kwenye redio kwamba Katanga ni inchi huru. Tarehe 12, Raisi Kasa-Vubu na Waziri wa Kwanza Lumumba walikuja kwa ndege kuona hali yenyewe, wakakatazwa kutua kwenye uwanja wa Luano. Siku hiyo hiyo wakaandika kwa Umoja wa Mataifa kuomba msaada.

Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na swali moja mezani: kuitambua Katanga au kutoitambua?

Waliotaka itambuliwe walikuwa na hoja nzito. Union Minière du Haut-Katanga ilichimba karibu tani 300,000 za shaba mwaka ule, na ilikuwa inauza sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Maelfu ya Wabelgiji waliishi hapa. Mfalme Baudouin mwenyewe, katika hotuba yake ya tarehe 21 mwezi wa saba, alionyesha wazi moyo wake uko upande gani.

Lakini Wizara ya Mambo ya Inje ilikuwa inasoma barua nyingine. Pierre Wigny, waziri wake, alijua kwamba Marekani na washirika wengine hawataki Kongo igawanyike, na kwamba inchi nyingi za Afrika na Asia zitaigeuka Ubelgiji. Barazani New York, tarehe 14 mwezi wa saba, azimio namba 143 lilikuwa limeitaka Ubelgiji iondoe askari wake Kongo. Kura 8 zilikubali, hakuna aliyekataa, na watatu walijizuia: Uingereza, Ufaransa na China.

Basi Brussels ilifanya nini? Haikukubali na haikukataa. Mlango wa mbele ulifungwa: Ubelgiji haikuitambua Katanga hata siku moja, na hakuna inchi nyingine yoyote duniani iliyoitambua rasmi. Mlango wa nyuma ulifunguliwa wazi. Waziri wa Kwanza Gaston Eyskens alimtuma Harold d'Aspremont Lynden aongoze ujumbe wa ufundi mjini Elisabethville. Maofisa Wabelgiji walijenga jeshi la jandarma. Washauri Wabelgiji walikaa karibu na kila waziri wa Tshombe. Na Union Minière ililipa kodi zake Elisabethville, si Léopoldville. Fedha hizo ndizo zilizolisha serikali ya Tshombe, askari wake, na askari wa kulipwa kutoka inchi za inje.

Mkutano wowote wa wakubwa wasioelewana unajua njia hii. Wakishindwa kuchagua, wanachagua nusu na nusu. Kila mmoja anarudi ofisini kwake akiwa amepata kitu. Anayelipa ni yule anayeishi mahali ambapo nusu hizo mbili zinakutana. Wakaaji wa Katanga ndio waliobaki na inchi isiyotambuliwa lakini yenye jeshi, benki na bendera.

Zaidi ya hayo, kutoka mwezi wa tisa 1960 Brussels ilikuwa na mawaziri wawili kwa jambo moja. Wigny alibaki kwenye mambo ya inje, na d'Aspremont Lynden akafanywa waziri wa mambo ya Afrika. Yule wa kwanza alipima Ubelgiji itasemwaje duniani. Wa pili alikuwa na watu wake Elisabethville na simu za maandishi zilizokwenda moja kwa moja. Tarehe 16 mwezi wa kwanza 1961 ujumbe kutoka kwa waziri huyo wa mambo ya Afrika ulimsukuma Tshombe akubali kumpokea Lumumba aliyekuwa mfungwa. Kesho yake, tarehe 17, Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walishushwa Luano wakiwa wamepigwa. Usiku ule ule waliuawa huko Shilatembo, kandokando ya barabara ya Likasi.

Miezi mitatu baadaye ikaonekana jambo ambalo maneno "Ubelgiji ilitaka" hayawezi kulieleza. Kulikuwa na uchaguzi Ubelgiji mwezi wa tatu 1961, na mwezi wa nne serikali mpya ya Théo Lefèvre ikaingia. Paul-Henri Spaak akawa waziri wa mambo ya inje. Inchi ile ile, mfalme yule yule, migodi ile ile. Lakini Spaak alianza kusaidiana na Umoja wa Mataifa na kuwavuta nyuma washauri Wabelgiji. Union Minière, yenyewe, iliendelea kulipa kodi Elisabethville. Ikawa serikali inavuta huku na kampuni inavuta kule, na wote wawili dunia inawaita "Ubelgiji".

ONU: amri iliyobadilika njiani

Turudi posta. Wale askari wa India walikuwa chini ya Umoja wa Mataifa, si chini ya Ubelgiji wala Marekani. Kwa hiyo swali la nani aliwatuma linatupeleka New York na Léopoldville.

Baada ya kifo cha Lumumba kutangazwa, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 161 tarehe 21 mwezi wa pili 1961. Lilitaka maofisa wa kijeshi na washauri wa kigeni waondoke, na liliruhusu nguvu zitumike, kama njia ya mwisho, kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe. Halikusema kwamba ONU imalize kujitenga kwa Katanga kwa bunduki. Maneno yalipimwa hivyo makusudi, sababu wenye kura hawakuelewana. Azimio likatoka New York likiwa na nafasi ndani yake, na nafasi hiyo ikajazwa na watu wa chini.

Tarehe 28 mwezi wa nane 1961 askari wa ONU walifanya msako Elisabethville na kuwakamata maofisa wengi wa kigeni. Hakuna damu iliyomwagika. Mafanikio hayo yaliwatia moyo waliokuwa hapa. Wiki mbili baadaye Mahmoud Khiary, mkubwa wa ONU kutoka Tunisia, alikuja toka Léopoldville na maagizo mapya pamoja na hati za kuwakamata viongozi wa Katanga. Kazi hiyo iliitwa Morthor, neno la Kihindi la kuvunjavunja.

Lengo lilikuwa nini? O'Brien aliandika baadaye kwamba alivyoelezwa ni kumaliza kujitenga moja kwa moja. Wakubwa wengine wa ONU walisema lengo lilikuwa kurudia msako wa mwezi wa nane, basi, na kwamba Hammarskjöld hakukubali zaidi ya hapo. Katibu Mkuu mwenyewe, risasi zilipoanza kulia posta, alikuwa bado safarini kuelekea Léopoldville. Wanahistoria wanabishana mpaka leo kuhusu alichokijua na alichokiruhusu.

Kilicho wazi ni namna ambavyo jambo lilikua likiwa njiani. Baraza lilisema maneno mapana. Ofisi ya New York ikayasoma kwa uangalifu. Ofisi ya Léopoldville, iliyosukumwa na serikali ya Kongo kila siku, ikayasoma kwa haraka zaidi. Watu wa Elisabethville, waliokuwa wanaona askari wa kulipwa wakirudi mjini kwa siri, wakayasoma kama ruhusa. Kila mmoja aliongeza kidogo. Mwishoni kidogo hizo zote zilifika posta zikiwa na bunduki.

Na mji haukuwa mwepesi kama walivyodhani. Tshombe alitoroka. Ndege moja tu ya vita ya Katanga, aina ya Fouga, ilitosha kuwatesa askari wa ONU ambao hawakuwa na ndege ya kuizuia. Kule Jadotville, Likasi ya leo, Wairlandi zaidi ya 150 walizingirwa siku kadhaa na wakajisalimisha tarehe 17. Hammarskjöld akaamua kwenda mwenyewe kutafuta amani, na akafia njiani pamoja na wenzake 15 waliokuwa naye katika ndege.

London: mabomu 24 yasiyofika

Ndola ilikuwa katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na Rhodesia ilikuwa chini ya Waingereza. Kwa hiyo Uingereza nayo ilikuwa na neno juu ya mji huu, na kwake pia neno hilo halikuwa moja.

Serikali ya Harold Macmillan haikutaka kugombana na Marekani wala na inchi mpya za Afrika zilizokuwa katika Jumuiya ya Madola. Lakini ndani ya chama chake wabunge wengi walimpenda Tshombe. Kampuni ya Waingereza, Tanganyika Concessions, ilikuwa na zaidi ya asilimia 14 ya hisa za Union Minière. Na Roy Welensky, waziri wa kwanza wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, alimwona Tshombe kama ukuta kati yake na uhuru wa Waafrika uliokuwa unakuja kutoka kaskazini.

Mwezi wa kumi na mbili 1961, mapigano yalipoanza tena Elisabethville, ONU iliiomba Uingereza mabomu 24 ya ratili elfu moja kila moja, kwa ajili ya ndege za India. Serikali ilikubali, kwa sharti kwamba yatumike tu kwenye viwanja vya ndege. Wabunge wa chama chake wakapiga kelele. Siku chache baadaye serikali ilirudi nyuma, ikaanza kuomba mapigano yasimame. Mabomu hayakutolewa.

Hakuna kilichobadilika Katanga kati ya siku ya kukubali na siku ya kukataa ambacho kingeeleza mgeuko huo. Kilichobadilika kilikuwa London: hesabu ya wabunge. Serikali inaweza kuamua jambo la Elisabethville bila Elisabethville kuwa sababu yake.

Washington: idara mbili, raisi mmoja

Marekani ilikuwa na nguvu kuliko wote, maana ilibeba sehemu kubwa ya gharama za ONU Kongo. Ndiyo sababu wazee wanaitaja wakiulizwa nani alikuwa nyuma ya ONU. Lakini John Kennedy, aliyeingia madarakani tarehe 20 mwezi wa kwanza 1961, alikuta nyumba yake imegawanyika.

Idara ya Afrika katika wizara, chini ya Mennen Williams, ilisema Kongo ikivunjika, Wasovieti watapata nafasi na Afrika nzima itawaona Wamarekani kama marafiki wa wakoloni. Balozi Edmund Gullion, kule Léopoldville, alisema hivyohivyo kwa sauti kubwa zaidi. Idara ya Ulaya ilijibu kwamba Ubelgiji, Uingereza na Ufaransa ni washirika wa NATO na hawafai kuudhiwa kwa ajili ya Katanga. Ureno nayo, iliyoshika Angola na reli ya Benguela, ndiyo iliyokuwa mwenye visiwa vya Azores ambamo ndege za jeshi la Marekani zilitua.

Inje ya wizara kulikuwa na bunge. Senata Thomas Dodd, wa chama cha Kennedy mwenyewe, alikuwa mtetezi mkubwa wa Tshombe. Katanga ilikuwa na ofisi yake ya habari New York, iliyoongozwa na Mbelgiji Michel Struelens, na ofisi hiyo ilifanya kazi yake vizuri. Mwisho wa 1961 Wamarekani wenye majina waliunda kamati ya kuwasaidia wapiganaji wa Katanga.

Dodd alifika Elisabethville mwenyewe. Usiku wa tarehe 28 mwezi wa kumi na moja 1961, wakati wa karamu ya kumheshimu, askari wa Katanga waliwakamata na kuwapiga wakubwa wawili wa ONU, Brian Urquhart na George Ivan Smith. Konsuli wa Marekani, Lewis Hoffacker, alimvuta Smith kutoka mikononi mwao. Urquhart aliachiwa baada ya saa kadhaa. Mtu angefikiri kwamba senata angebadili mawazo. Aliendelea kumtetea Tshombe. Habari kutoka uwanjani haibadilishi uamuzi kama anayeipokea ameshachagua upande.

Kwa hiyo mwaka mzima wa 1962 Marekani ilikaa katikati. Kulikuwa na mapatano ya Kitona ya tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili 1961, ambapo Tshombe alimwahidi Waziri wa Kwanza Cyrille Adoula kwamba Katanga itarudi. Kulikuwa na mpango wa U Thant, Katibu Mkuu mpya, wa mwezi wa nane 1962. Tshombe alisema ndiyo, kisha akasubiri. Alijua kwamba Washington ina idara mbili, na kwamba muda wote idara hizo zinabishana yeye anaendelea kupokea kodi za shaba. Alizisoma ofisi za mbali vizuri kuliko wengi waliomcheka.

Kilichovunja ubishi huo kilikuwa saa. Fedha za ONU zilikuwa zinakwisha. Serikali ya Adoula ilikuwa inatikisika. Na mwezi wa kumi 1962 China iliishambulia India mpakani, hivyo kila mtu akajua kwamba New Delhi itataka askari wake warudi nyumbani. Bila Wahindi, ONU haikuwa na jeshi la kutosha Katanga. Waliosema "tungoje" hawakuwa tena na kitu cha kungojea. Tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 1962 Kennedy alikutana na washauri wake juu ya kuipa ONU ndege za kivita za Marekani, na Jenerali Louis Truman akatumwa Kongo kuangalia mahitaji.

Ndege hizo hazikuja. Hazikuhitajika. Tarehe 24 jandarma walianza kuwafyatulia risasi askari wa ONU Elisabethville, na siku nne baadaye ONU ikajibu. Tarehe 29 mji ulikuwa mikononi mwake, na ndege za Sweden zilikuwa zinapiga ndege za Katanga kule Kolwezi.

Lufira: amri ambayo haikusikika

Hata hapo mwisho, safari ya amri kutoka ofisini mpaka barabarani iliendelea kuwa na mashimo. New York ilikuwa imewahakikishia Wabelgiji na Waingereza kwamba askari wataenda polepole, ili Tshombe apate nafasi ya kuongea na ili migodi isilipuliwe. Lakini Brigedia Reginald Noronha wa India alifika mto Lufira, akakuta daraja limevunjwa na adui anakimbia, akavuka. Tarehe 3 mwezi wa kwanza 1963 aliingia Jadotville. Brussels na London wakakasirika. ONU ilisema mawasiliano yalikatika, na Ralph Bunche akatumwa Kongo kuuliza kilichotokea.

Mwaka 1961 watu wa uwanjani walipita amri na vita vikaharibika. Mwaka 1963 walipita amri na vita vikaisha. Anayehesabu matokeo tu atamwita wa kwanza mjinga na wa pili shujaa. Anayetazama njia ya amri ataona kitu kile kile mara mbili.

Tarehe 14 mwezi wa kwanza 1963, kutoka Kolwezi, Tshombe na mawaziri wake waliandika kwamba kujitenga kumekwisha. Mabwawa ya umeme yaliyokuwa yametegewa baruti hayakulipuliwa. Tarehe 21 ONU iliingia Kolwezi.

Waliokosekana mezani

Katika vyumba vyote hivi, Brussels, London, Washington, New York, kuna watu ambao hawaonekani. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960, chama cha Tshombe, Conakat, kilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la Katanga. Muungano wa Balubakat wa Jason Sendwe ulipata 23. Karibu nusu kwa nusu. Lakini senata wa Marekani au mbunge wa London aliposema "Katanga inataka uhuru", alikuwa anamsikia mmoja tu wa hao wawili, yule mwenye ofisi New York na washauri Wabelgiji. Kaskazini ya Katanga ilikuwa inapigana na serikali ya Tshombe tangu 1960. Hapa mjini, kuanzia mwezi wa nane 1961, makumi elfu ya Waluba walikimbilia karibu na askari wa ONU na kuishi kambini. Hakuna aliyekodi ofisi New York kwa niaba yao.

Ndiyo sababu jibu refu ni la lazima. Karibu miaka 40 ilipita ndipo bunge la Ubelgiji likaunda tume ya kuchunguza kifo cha Lumumba. Tume haikuuliza "Ubelgiji ilitaka nini". Iliuliza waziri gani, tarehe gani, ujumbe gani, fedha kutoka mfuko gani. Mwaka 2001 ilisema kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule na Wabelgiji wengine walikuwa na lawama ya kimaadili. Mwezi wa pili 2002 waziri wa mambo ya inje, Louis Michel, aliomba radhi. Mwezi wa sita 2022 jino la Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lilirudi Kongo na kupitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa. Lawama hiyo ilipatikana sababu karatasi za ofisi zilisomwa moja moja.

Leo majina ya miji ile yamerudi katika habari za jioni. Tarehe 27 mwezi wa sita 2025 mawaziri wa mambo ya inje wa Kongo na Rwanda walitia sahihi mkataba wa amani Washington. Mwaka huo huo madini ya Kongo yalikuwa katika mazungumzo na Marekani. Reli ya Lobito, njia ile ile ya zamani ya shaba ya Katanga, inasemwa Washington na Brussels kama mradi mkubwa. Na mjini watu wanasema tena "Marekani inataka", kama zamani. Maswali ya 1961 yangefaa zaidi: ni ofisi gani, nani amekaa ndani yake, nani anailipa, nani anaipelekea habari kutoka Katanga, na nani kutoka Katanga hajaitwa.

Na mzee akiulizwa tena nani aliwatuma askari wa posta, jibu linaweza kuwa hivi: baraza la New York lililoandika maneno mapana, Khiary aliyekuja na hati kutoka Léopoldville, O'Brien aliyeyasoma maneno hayo kama ruhusa, serikali ya Kongo iliyokuwa inasukuma, na waliowapa jandarma wa ndani bunduki na mshahara walikuwa mawaziri wa Brussels waliofungua mlango wa nyuma na kampuni iliyolipa kodi. Kila mmoja wao ana jina lake.